Bangili za mama na mashine ya mashua

Barua niliyo nayo mkononi imetoka Lamu. Mwenyewe ameniomba nisitaje jina lake wala kijiji chake kwani huko, asema, hata punda wanajua nani amenunua nini. Ni mama wa watoto watatu, na mkubwa wao anatarajiwa kuingia shule ya sekondari mwezi wa Januari. Mumewe ni nahodha wa mashua ya futi 24. Hubeba abiria, makuti, mchanga, na msimu wa wageni hubeba wageni. Mashua inakwenda kwa tanga, na upepo ukikataa, kwa pondo na makasia.

Sasa mume amepata habari ya mashine ya kufunga nyuma, nguvu za farasi 40, iliyotumika, inayouzwa na mtu anayehama. Anataka mkewe auze bangili zake nne za dhahabu alizopewa siku ya harusi, na juu ya hapo achukue zamu yake ya chama kabla haijafika. "Wenzake wote wana mashine," aandika dada huyu. "Nami sikatai maendeleo. Lakini nataka kujua, je, hii ni mashine au ni fahari?"

Wasomaji wapenzi, mnajua kwamba si desturi yangu kuingia kati ya mke na mume. Wenye nyumba wakipatana usiku, aliyewaamua mchana hubaki adui wa wote wawili. Hata hivyo hii si kesi ya ndoa, ni hesabu. Tena mimi nina sababu yangu ya kuijibu barua hii kwa urefu, na heri niitoe kwanza.

Mwaka wa 1986 marehemu baba yangu alikuwa na mashua, ndogo kidogo kuliko hiyo ya bwana wa Lamu. Naye aliuza bangili za mama. Mashine aliyoipata ilikuwa ya nguvu 25, iliyokuwa imefungwa kwenye kiboti cha hoteli moja, kiboti chepesi chenye ubao mfupi wa nyuma. Ilikuwa inang'aa. Ilipowashwa siku ya kwanza pale ukingoni watoto tulipiga makofi, na mama naye alitabasamu, ingawa mikono yake ilikuwa mitupu. Mashine ilipofungwa kwenye ubao wa tezi wa mashua yetu, rafadha yake iligusa maji kwa shida. Fundi akakata ubao, akauchimba mdomo, mashine ikashuka kidogo. "Yatosha," akasema. Na kweli, ndani ya mkondo, maji yakiwa shwari, ilitosha.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kwa kuwa sasa kulikuwa na mashine, baba na ami waliona mlingoti na foromali vinabana mizigo bure. Wakaving'oa, wakaviweka nyumbani chini ya paa la makuti.

Mwezi wa Julai, kusi likiwa limekolea, walikuwa wakirudi kutoka Kipini na mzigo. Walifika mbele ya mlango wa Shela jioni, maji yakitoka na upepo ukiingia. Aliyezaliwa pwani ajua maana yake: bahari husimama wima. Kila wimbi lilipoinua tezi, rafadha ilitoka nje ya maji na mashine ikalia kama mbuzi anayechinjwa. Wimbi likipita ilizama tena ghafla, ikashtuka. Mara ya kumi au ya ishirini, baba alikuwa haachi kusimulia, mlio ukabadilika. Mashine ikawa inazunguka kwa furaha yake yenyewe na mashua haiendi. Pini ya rafadha ilikuwa imekatika. Wangekuwa na tanga wangeingia Lamu kwa dakika chache, maana upepo ulikuwa nyuma yao. Hawakuwa nalo. Mawimbi yaliwasukuma mpaka ule ufuo mrefu ulio chini ya vilima vya mchanga vya Shela, na mashua ikavunjika pale pale mbele ya macho yao. Watu wote wanne walitoka salama, alhamdulillahi. Mzigo ulikwenda, mashua ilikwenda, na bangili ndizo hizo.

Kwa hiyo dada yangu, usidhani najibu kutoka kwenye kitabu peke yake.

Tuanze na hizo nguvu 40. Mashua yetu ya pwani, kama jahazi na kama meli zote zinazokata maji badala ya kuteleza juu yake, ina mwendo wake iliojaliwa. Mwendo huo hutokana na urefu wa chombo pale kinapogusa maji. Inapokwenda, mashua huinua wimbi mbele ya omo na jingine nyuma ya tezi. Kadiri mwendo unavyoongezeka, ndivyo mawimbi hayo mawili yanavyozidi kuachana, mpaka mashua yote inakaa katika bonde lililo kati yao. Hapo ukiongeza nguvu, chombo hakiongezi mwendo wa maana. Huzamisha tezi, huinua omo, na hujaribu kupanda mlima wa maji kilioutengeneza chenyewe. Wataalamu wana hesabu ya jambo hili: chukua urefu wa futi pale majini, tafuta kipeo chake cha pili, zidisha kwa 1.34, na utapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Mashua ya futi 24 huenda ina futi 21 majini. Hesabu yake yatoa noti 6 na kidogo, kama kilomita 11 kwa saa. Funga nguvu 15, itafika hapo. Funga 40, itafika hapo hapo, ila kwa kelele zaidi na tezi karibu kumeza maji.

Zile boti za faiba zinazopita zikirusha povu kati ya Lamu na Manda ni jambo jingine kabisa. Hizo ni nyepesi na tako lake ni bapa, na kazi yake ni kupanda juu ya maji. Bwanako akiziangalia hizo ndipo anapotamani 40. Mwambie kwa heshima kwamba mashua yake haikuumbwa kwa mbio hizo, kama vile punda hawi farasi kwa kuvishwa tandiko la farasi.

Ni nguvu ngapi basi zinamfaa? Kanuni inayotumiwa na watu wengi wa vyombo vya tanga ni kiasi cha nguvu 4 kwa kila tani ya chombo pamoja na mzigo wake. Sijaiona mashua yenyewe, lakini tuseme ina uzito wa tani moja na nusu ikiwa tupu, na inabeba tani moja na nusu nyingine. Hizo ni tani tatu, yaani nguvu 12. Ukiongeza akiba kidogo ya kupambana na mkondo na upepo wa mbele, unafika 15. Kijimashua cha kuvulia cha tani moja hutosheka na nguvu 4 au 5. Wale wazungu na matajiri wa Nairobi wenye mashua za starehe za futi 20 au 22 huko Kilifi na Mtwapa aghalabu utawakuta na nguvu 5 au 6 tu, na hawajioni maskini.

Halafu kuna petroli, na hapa ndipo ada ya shule inapopotelea. Mashine ya zamani ya mapigo mawili, ile inayotaka petroli iliyochanganywa na oili, ikifunguliwa yote hula karibu nusu lita kwa saa kwa kila nguvu moja. Ya 15 itakula lita 6 au 7 kwa saa. Ya 40 itakula lita 18 au 20. Bwanako atasema hataifungua yote, ataiendesha pole pole. Ni kweli itakula kidogo kuliko hapo. Lakini mashine kubwa ya aina hiyo inayoendeshwa siku zote kwa usingizi huchafua plagi na kujaza masizi, na bado ni kilo zaidi ya 70 za chuma zinazoning'inia kwenye ubao wa nyuma wa mbao. Ya 15 ya mapigo mawili ina kilo kama 36. Mwanamume mmoja huibeba begani kutoka mashuani hadi nyumbani usiku, jambo ambalo kwa ulinzi wa mali lina faida yake.

Tena chukueni siri hii ambayo haina gharama: ukipunguza mwendo kidogo, petroli hupungua sana. Mashua inayoweza noti 6 ikipelekwa kwa noti 5 huhitaji karibu nusu tu ya nguvu. Anayemlazimisha nahodha akimbie kila siku ni abiria, na abiria huyo hachangii petroli.

Sasa nije kwenye lile lililomvunjia baba yangu mashua, yaani urefu wa mguu. Mashine hizi hutengenezwa kwa miguu ya urefu mbalimbali. Mfupi ni inchi 15, mrefu ni inchi 20, na upo wa zaidi, inchi 25. Mfupi ni wa viboti vya ubao mfupi. Chombo cha tanga chenye tezi iliyoinuka chahitaji mguu mrefu, na mara nyingi ule mrefu zaidi. Namna ya kupima ni rahisi, hata mtoto wa shule aweza. Juu ya rafadha kuna bamba bapa kama kisahani. Bamba hilo lazima likae chini ya uso wa maji, tena chini ya maji yanayotoka laini nyuma ya tezi, mashua ikiwa na mzigo wake wa kawaida na hata ikiwa tupu. Pima kutoka ubao utakapofungwa mashine mpaka majini, kisha uongeze kwa ajili ya mawimbi. Bamba likikaa juu, rafadha itavuta hewa, mashine itapiga mayowe na mashua itasimama, kama nilivyowaeleza. Muuzaji akikuambia mguu hauna neno, fundi atakata ubao, mshukuru na uende zako. Ubao wa tezi ndio unaoshika mbao za pande zote mbili. Ukiuchimba mdomo umeukaribisha bahari ndani.

Mahali pa kufunga nako kuna hila yake. Msukani uko katikati, kwa hiyo mashine hukaa kando. Mashua ikilala upande mmoja kwa upepo, mashine iliyo upande wa juu huinuka, ndiyo sababu nyingine ya kutaka mguu mrefu. Hakikisheni msukani ukipinda mpaka mwisho haugusi rafadha; nimeona shikio zuri la mvule lililotafunwa kama muwa. Na mafundi wanaojua kazi hufunga kibao cha pembeni kinachoweza kupanda na kushuka, ili mashine iteremshwe inapohitajika na ipandishwe tanga linapochukua kazi. Mashine isiyotumika ikiachwa majini huzuia mwendo, huota kome na huliwa na chumvi. Zile parafujo mbili za kubana hulegea kwa mtikisiko. Ifungeni pia kwa mnyororo au kamba nene, maana mashine nyingi zinazolala chini ya bahari hazikuzama na chombo, ziliruka zenyewe.

Rafadha sitaki kuisemea mengi, lakini neno moja ni la lazima. Rafadha ya boti ya mbio imepinda sana kwa sababu inataka kwenda mbali kwa kila mzunguko. Mashua nzito inataka rafadha pana, isiyopinda sana, kama gia ya kwanza ya lori linalopanda mlima. Ukinunua mashine iliyotoka kwenye boti ya faiba, inawezekana sana rafadha yake haikufai, na kuibadilisha ni gharama ndogo kuliko kununua nguvu zaidi. Ziko hata mashine zilizotengenezwa makusudi kwa vyombo vizito. Yamaha, kwa mfano, wana moja ya nguvu 9.9 ambayo gia zake zimepunguzwa zaidi ili izungushe rafadha kubwa pole pole. Nguvu 9.9 za namna hiyo zaweza kusukuma kushinda 15 za mbio.

Swali linaloulizwa vijiweni ni hili: mapigo mawili au mapigo manne? Huko Ulaya na Marekani sheria za moshi zimeziondoa zile za mapigo mawili za kabureta katika maduka ya mashine mpya. Huku kwetu bado zinauzwa, na hazipendwi bure. Ni nyepesi, ni rahisi, na fundi wa kijijini huzifungua akiwa chini ya mkungu. Ubaya wake ni moshi, kelele na ulafi wa petroli, na oili ya kuchanganya ni ya kununua kila siku. Ya mapigo manne ina oili yake ndani kama gari. Hunywa kiasi cha theluthi moja ya lita kwa saa kwa kila nguvu ikifunguliwa yote, husema kwa sauti ya chini na haichafui maji. Lakini ni nzito, ya 15 ikikaribia au kupita kilo 50, na bei yake hupanda. Oili yake ni ya kubadilishwa kila baada ya saa 100 za kazi. Isitoshe, haitaki kulazwa ovyo: ina upande wake maalumu wa kulalia, na ukikosea oili huingia kusikotakiwa.

Mimi ningechaguaje? Kwa mtu anayefanya kazi kila siku, asubuhi mpaka jioni, na mwenye fundi aliyesomea, mapigo manne hurudisha pesa yake katika petroli. Kwa anayetumia mashine kuingia na kutoka bandarini tu, na njia nyingine yote ni tanga, mapigo mawili yanatosha. Lakini kabla ya yote hayo nendeni mkaulize spea. Ole Evinrude, Mnorwei aliyehamia Marekani, ndiye aliyeanza kuuza mashine hizi kwa wingi mwaka wa 1909 huko Milwaukee. Ya kwanza ilikuwa na nguvu moja na nusu na uzito wa kilo 28. Husimuliwa kwamba wazo lilimjia baada ya kupiga makasia katika joto kumletea mchumba wake aiskrimu, nayo ikayeyuka njiani. Hivyo mnaona hata huko chanzo kilikuwa ni mwanamke. Jina la Evinrude lilidumu zaidi ya miaka 100, na mwaka wa 2020 wenye kampuni wakasimamisha utengenezaji. Mashine nzuri ya jina kubwa yaweza kuwa yatima. Ile ambayo spea zake zinapatikana Lamu mjini, au kwa basi la kesho kutoka Mombasa, hiyo ndiyo yenu, hata kama rangi yake haikupendezi.

Kuhusu hiyo ya kutumika inayouzwa, iwe 40 au 15, bwanako asiende kuitazama ikiwa imeshawashwa akakuta inanguruma. Aifikie ikiwa baridi, aiguse kwa mkono. Mashine iliyotiwa moto kabla ya mnunuzi kufika ina siri. Aivute kamba pole pole: ikishindana na mkono wake, bado ina pumzi, ikienda laini kama uzi, imechoka ndani. Ikiwaka, atazame kile kijimfereji cha maji kinachotoka nyuma. Hayo ndiyo maji ya kupoza. Yasipotoka, azime mara moja, maana ile feni ndogo ya mpira iliyo ndani ya pampu huungua kwa dakika chache tu ikizunguka kavu. Afungue parafujo ya chini kwenye sanduku la gia, oili itoke kidogo. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji ya bahari yameshaingia. Aitikise rafadha kuona kama inacheza. Na jambo ambalo wengi huona haya kulifanya: aisome namba iliyopigwa kwenye bamba, atake risiti yenye namba hiyo hiyo. Namba ikiwa imekwaruzwa, aiache hapo hata kama ni ya bure.

Siku hizi yapo pia ya umeme, yanayokwenda kwa betri, na Lamu jua halijakosekana. Kwa mashua ndogo ya kuvuka kutoka Lamu mjini hadi Shela, kilomita kama tatu, si ndoto. Kwa mashua ya tani tatu inayokwenda visiwa vya mbali, betri za kutosha zingegharimu kuliko mashua yenyewe. Tuyaache kwa sasa.

Matunzo nitayapitia mbio, kwa kuwa kila fundi anayajua na kila nahodha huyasahau. Petroli ya mapigo mawili, kwa mashine nyingi, ni 50 kwa 1: mililita 20 za oili katika kila lita, au mililita 400 katika mtungi wa lita 20. Fuateni kitabu cha mashine yenyewe kikisema vingine. Oili iwe ile ya mashine za majini yenye alama ya TC-W3, si iliyobaki gereji. Jioni ioshwe kwa maji matamu, ndani na nje. Ile feni ya mpira ibadilishwe kila mwaka au miwili. Ndani ya mashua pawe na plagi ya akiba, pini za rafadha kama rafadha yake ni ya pini, kamba ya kuwashia, na zana za kufungulia. Mtungi wa petroli na seredani ya chai visikae pamoja, hata kwa dakika moja. Na ile kamba nyekundu ya kuzima mashine, ambayo manahodha wetu huifunga kwenye mashine wenyewe ili isiwasumbue, ivaliwe mkononi au mguuni. Nahodha akianguka, mashine huzimika. Isipovaliwa, mashua huzunguka na kumrudia na rafadha yake.

Sasa dada, nirudi kwako. Umeuliza kama ni mashine au ni fahari. Nguvu 40 kwenye mashua ya futi 24 ni fahari. Mashine yenyewe si fahari. Mume anayetoka alfajiri na kurudi usiku kwa sababu matlai yamekufa na mkondo umemkataa pale Mkanda, ana haki ya kutamani msaada. Abiria mwenye mgonjwa hawezi kungoja upepo. Kwa hiyo usimkatalie kabisa, maana ukimkatalia kabisa atakopa kwingine, na hiyo 40 itakuja tu.

Ningekuwa wewe ningemsomea hesabu hii kwa sauti ya chini, baada ya chakula, watoto wakiwa wamelala, wala si mbele ya mama mkwe. Mwombe apime mguu kabla ya kupima nguvu. Mwambie uko tayari kutoa bangili mbili kwa mashine ya 15 ya mguu mrefu, na mbili zibaki sandukuni mpaka mtoto aripoti shuleni. Zamu ya chama usiiguse. Ile ni ya wanawake wenzako kadiri ilivyo yako, na ukiichukua mapema kwa ajili ya mashine ikaharibika, utawalipa na nini? Andikeni karatasi, hata kama mnapendana, kwamba bangili mbili ni fungu lako katika mashine hiyo, na mapato yake yatenge kidogo kila wiki hadi zirudi. Wanaume wa pwani ni waungwana. Wengi huona aibu kukataa jambo lililoandikwa.

Sharti langu la mwisho halina mjadala. Mlingoti usishuke. Tanga lishonwe, liwe zima, likae mashuani kila safari. Kusi likipuga vizuri mashine ipandishwe, ipumzike, na petroli ibaki mtungini. Mashine ni ya mlangoni, ni ya shwari, na ni ya mgonjwa. Akikuuliza nani kasema, mwambie ni mtoto wa nahodha aliyeona foromali ya babake ikiwa kavu nyumbani chini ya makuti siku mashua ilipovunjika Shela.

Mama yangu hakuvaa bangili tena. Baba alimnunulia nyingine mwaka wa 1994, mbili nyembamba, akiwa tayari ameajiriwa kwenye mashua ya mtu mwingine. Alizipokea, akazitia sandukuni, na alipofariki tulizikuta zimefungwa ndani ya leso ile ile aliyonunua nazo.

Niandikie uniambie mlipofikia. Na yule bwana wa Voi aliyeuliza kama inafaa kununua tangi la maji la plastiki au kujenga la saruji, barua yako imefika. Tutaiangalia Jumapili ijayo.